Risasi na Plo

Dada yangu mdogo aliniita yaya. Kwetu Bunia yaya ni ndugu mkubwa, awe wa kike au wa kiume. Neno lilitoka kwa watu wa Lingala, likakaa kwetu mpaka likawa letu, na mtu akikuita hivyo ujue amekupa heshima na mapenzi kwa pamoja. Mimi nililichukia. Nilisoma miaka mitatu Tanzania, na huko yaya ni mfanyakazi wa kulea watoto wa watu. Niliporudi nilikuwa na cheti kimoja, sanduku la vitabu, na ugonjwa wa kusahihisha.

Nasema ugonjwa kwa sababu hakuna jina lingine. Mama wa sokoni akiniambia nyanya iko ya muzuri, mimi namwambia sema nyanya ni nzuri. Anacheka, anasema ndiyo mwalimu, halafu ananifungia zilizooza chini ya mfuko. Vijana wa pikipiki walinipa jina la Dikisionere, yaani kamusi. Wakiniona kwa mbali wanaulizana kwa sauti, eti leo tuseme aksanti ao asante? Nilijibu asante, kwa hasira, na wao wakapata walichokitaka. Sikuoa, sikuwa na rafiki wa kudumu, lakini nilikuwa na Kiswahili.

Shemeji yangu, mume wa dada, aliuawa kwenye kizuizi cha barabara katika wiki moja mbaya, wakati watu walikuwa wameshaanza kusema vita vimekwisha. Risasi moja, ya shingo. Hiyo ndiyo amani tuliyokuwa nayo: siku tano unapanda maharage, siku ya sita unafunga godoro na kukimbia, ya saba unarudi kuangalia kama mlango bado upo. Kwenye matanga, dada alinishika mkono mbele ya watu wa kanisa akasema, huyu ni yaya yangu, hiyi tu ndiyo nimebaki naye. Na mimi, mbele ya maiti, mbele ya watu wote wale, nikasema kwa sauti ya darasani, "Sema kaka. Yaya ni mtumishi."

Watu waliangalia chini. Dada aliachia mkono wangu. Miezi saba hatukusemezana, na kila Jumapili nilipomwona kanisani nilingoja aje kuniomba radhi. Yeye aje kwangu. Mtu anaweza kuwa mjinga hivyo na bado akaandika barua zisizo na kosa hata moja.

Alikaa mtaa wa Saio, mimi mtaa wa Lumumba. Marehemu alimwachia mtoto wa kike, sufuria moja nzito iliyoungua, na kazi. Kazi yenyewe ilikuwa hii. Mafundi wa magari huvunja batri zilizokufa kwa shoka, wanamwaga maji yake makali kwenye mfereji, wanatoa zile sahani nyeusi za ndani na kuziuza kwa magunia. Dada aliziyeyusha uani, juu ya makala, yaani makaa, akaondoa takataka juu kwa kijiko, kisha akamimina kwenye mashimo madogo ya mchanga uliolowa. Zikipoa zinakuwa vidude vya kijivu vyenye tundu katikati, vya kufunga chini ya wavu ili uzame. Wachuuzi wa Mahagi-Port, kule ziwani, walivichukua kwa ndoo kuwapelekea wavuvi. Kwa lugha yetu hiyo kitu inaitwa plo, kutoka Kifaransa. Plo ya nyavu. Hakuna mtu Bunia asiyejua plo.

Mtoto alikuwa na miaka minne na mdomo wa watu kumi. Alisema kutwa nzima, aliuliza jina la kila kitu na akikosa jibu alikibunia jina mwenyewe. Kabla ya matanga nilimpenda kuliko mtu yeyote, na nilimsahihisha kuliko mtu yeyote pia. Alikuwa akinisahihisha na yeye. Nikisema mtoto, ananiambia, hapana, mutoto.

Nilikuwa katibu katika ofisi ndogo ya serikali iliyoshughulika na mazingira. Tulikuwa watu wanne na dirisha moja. Mkubwa wetu alikuwa mama wa kutoka Kinshasa, aliyejua Kifaransa na Lingala, Kiswahili kidogo sana. Ndiye aliyehangaika mpaka agizo la batri likapatikana. Alikuwa ameona kwamba mji huu hauna umeme wa maana, kwamba kila nyumba yenye taa, kila kinyozi, kila anayechaji simu ana batri, na kwamba batri zote hizo zinakufa na kuishia kwenye mifereji ile ile inayoshuka visimani. Agizo lilisema muuza batri mpya ni lazima apokee ya zamani na kumpunguzia bei anayeileta nzima, na maji yake ndani. Zikijaa, zingepelekwa ng'ambo ya mpaka kwenye kiwanda chenye tanuru ya kufungwa. Kuyeyusha uani kulikatazwa. Lakini mama yule hakuwa mtu wa kukataza tu. Aliandika kwamba anayeyeyusha akileta mzigo wake kwa hiari hatafungwa wala kutozwa, na atakuwa wa kwanza kupewa kazi ya kukusanya batri mtaani, na glavu na mshahara.

Niliposoma hapo nilimfikiria dada. Nasema kweli. Nilifikiri, kazi hiyo ni yake, na hiyo plo kumbe inaua watoto, mimi sikujua, naye hajui. Ningepanda pikipiki siku ile ile. Kutoka Lumumba hadi Saio si safari. Nilijiambia kwamba tangazo litamfikia kama litakavyowafikia wengine, na kwamba mimi sianzi kumsemesha.

Mkubwa alinipa maandishi ya Kifaransa niyageuze. Kuhusu batri haikuwa shida, tulibandika karatasi madukani na wauzaji wakaelewa. Shida ilikuwa kwa wale wa uani ambao hawanunui batri, wananunua magunia ya sahani. Hao walihitaji kusikia. Kifaransa kilisema plomb. Nilifungua kamusi yangu, ingawa nilijua jibu, nikaandika kwa mwandiko mzuri: risasi. Ndiyo neno. Madini ya plo kwa Kiswahili ni risasi, mpaka leo ni risasi, nenda kaulize.

Nililitangaza mwenyewe, nimesimama nyuma ya gari la ofisi na megafoni mdomoni, mtaa kwa mtaa. Maneno yalikuwa haya: "Ndugu wananchi, risasi ni sumu. Usiweke risasi ndani ya nyumba yenye watoto. Aliye na risasi ailete ofisini, hataulizwa neno wala hatafungwa." Niliyapenda. Yalikuwa mafupi na hayakuwa na kosa.

Sasa fikiri mtu wa Bunia, miaka ile, anasikia gari la serikali linapita na sauti inamwambia alete risasi, hatafungwa. Alishayasikia. Walipita hivyo hivyo wakidai bunduki, waliahidi hivyo hivyo, na waliopeleka wengine walirudi na wengine hawakurudi. Niliona milango ikifungwa mbele yetu. Nilimwona mwanamume akiacha kunyoa mteja nusu kichwa na kuingia ndani. Nikadhani ni aibu ya wenye makosa. Dereva, aliyekuwa mtu wa kwetu kabisa, aliniambia yaya, batu banaogopa. Nikamwambia watu wanaogopa, siyo batu banaogopa, na aendeshe.

Tulifika Saio kabla ya saa sita. Dada alitoka mlangoni akajifuta mikono kwenye kikwembe alichojifunga kiunoni. Aliijua sauti yangu, nani hangeijua. Alisimama akasikiliza tangazo lote, mwanzo hadi mwisho, na nikamwona akitikisa kichwa, kukubali. Mtoto alikaa kizingitini. Shingoni alikuwa na uzi, na kwenye uzi kidude kimoja cha plo, akikitafuna kama watoto wanavyotafuna chochote. Akaniona akanipungia mkono. Nilikuwa hatua kumi. Nilimpungia na mimi, nikarudisha megafoni mdomoni, nikapiga bodi ya gari ili dereva aende. Nilijiambia, amesikia, sasa anajua, atamvua ule uzi.

Nilikuja kuambiwa baadaye kilichofuata mlangoni pale. Dada aligeuka kwa majirani akawaambia kwa furaha kwamba yaya yake anakusanya risasi zote za mji, kwamba mikono ya yaya ndiyo itamaliza kitu kilichomuua mume wake. Waliomba hapo hapo, wamesimama, Mungu anilinde na kazi ile ya hatari. Kisha akarudi uani kuwasha makala, maana ndoo ya Mahagi-Port ilikuwa bado haijajaa.

Ofisini tulisubiri plo. Siku ya pili alikuja mzee mmoja amevaa koti la kanisani. Alikaa kwenye benchi muda mrefu, akaniuliza mara tatu kama ni kweli hataulizwa. Nikasema kweli. Akafungua kitambaa cha pua mezani kwangu. Zilikuwa saba, za bunduki, zimesafishwa kwa mafuta. Akaja mama na moja yenye kutu ambayo jembe lake liliigonga shambani. Wakaja wengine. Mpaka Ijumaa nilikuwa na droo ya risasi na sikuwa na gramu moja ya plo.

Mkubwa alipofungua droo ile aliruka nyuma. Aliniuliza kwa Kifaransa niliwaambia nini watu hawa. Nilimweleza, neno kwa neno, na nikamweleza pia kwamba tatizo ni watu hawajui Kiswahili. Akaniangalia. Akasema, basi waambie plomb, si ndivyo wanavyosema? Nikamjibu kwamba plomb si Kiswahili, na kwamba serikali haiwezi kuongea kama soko. Alikuwa na safari ya Kinshasa kesho yake, alikuwa amechoka, akasema nibadilishe kabla hajarudi. Alikaa huko wiki tatu. Mimi nilizunguka na tangazo langu lile lile wiki mbili zaidi. Nilikuwa nimeona zile risasi saba kwa macho yangu, zikiwa mezani, na bado.

Jumatatu moja mama wa kanisa alikuja ofisini anahema. Akaniambia nikimbie kituo cha afya, mutoto ya dada anakauka. Nilimkuta mtoto kitandani, mwembamba, rangi ya majivu, meno yameumana na mwili wote unatetemeka. Dada alikuwa amemshika miguu. Akasema tumbo lilimuuma mwezi mzima, hakupata choo, alitapika, kisha alianza kusahau majina ya vitu. Alimpa dawa za minyoo, za malaria, za kienyeji. Hayo yote aliniambia kama jana tu tuliagana vizuri. Aliniita yaya. Sikusahihisha.

Muuguzi alikuwa mtu mzima aliyewahi kufanya kazi kwenye migodi. Aliangalia ufizi, akaangalia mikono ya mama, akauliza nyumbani wanafanya kazi gani. Dada akamwambia. Muuguzi akashika ule uzi wa shingoni kwa vidole viwili, akasema:

"Ni hii, mama. Plo. Plo iko sumu. Imeingia mu damu ya mutoto."

Dada alimwangalia yeye, akaangalia kidude, halafu akaniangalia mimi. Nami, Mungu anisamehe, jambo la kwanza lililonitoka kinywani lilikuwa la kujitetea. Nikasema nilitangaza. Nilipita kwako. Ulinisikia.

"Ulisema risasi," akasema. Sauti yake haikupanda. "Siye hatuna risasi, yaya. Iko ile ya shingo ya baba yake tu, na ilizikwa naye. Juu ya nini haukusema plo?"

Nilikuwa na maelezo. Nilikuwa na kamusi nzima.

Muuguzi alinivuta nje akaniambia dawa ya kuitoa plo damuni ipo duniani lakini Bunia haipo, na hata ingekuwepo, ameshachelewa. Aliuliza alianza lini kuumwa sana. Nikahesabu. Wiki ile niliyopita na gari alikuwa bado anapunga mkono. Muuguzi hakujua kwa nini niliketi chini kwenye vumbi, akaniletea maji. Kama angevuliwa ule uzi siku ile, na sufuria ikaondolewa uani, je, angepona? Nimeuliza madaktari wawili tangu hapo. Mmoja alisema pengine. Mwingine alisema haijulikani, na nikaona ananihurumia.

Alikufa Alhamisi mchana, jua kali, watu wa kituo wakiwa wanakula. Siku mbili za mwisho hakusema chochote. Mtoto yule, ambaye hakuna aliyewahi kumnyamazisha, alifungua macho mara moja akamtazama mama yake kama mtu anayetafuta jina la kitu.

Kwenye matanga nilikaa nyuma, na wanaume nisiowajua. Dada hakunifukuza. Hakunisemesha pia. Watu walikuja kunipa pole, maana mimi ndiye mjomba, na kila pole niliipokea kama mwizi anayepokea zawadi.

Mkubwa aliporudi alikwenda Saio kumpa dada mkono wa rambirambi, na alinichukua nitafsiri. Dada aliinua kiganja kunizuia. Aliongea naye Lingala mwenyewe, ile kidogo aliyoijua, akivunja kila sentensi, na mama yule alimwelewa yote. Alimwonyesha sufuria. Alipopewa ile kazi ya kukusanya batri, akasema ataichukua kwa sharti moja, apewe na megafoni. Mkubwa alinigeukia. Nikaitoa garini, nikaiweka mkekani mbele yake. Ilikuwa kazi ndogo kuliko zote nilizowahi kufanya na ndiyo pekee niliyoifanya sawasawa.

Nimemsikia mara nyingi tangu siku ile. Anatembea kwa miguu na mkokoteni, glavu mikononi, na anasema: "Bamama, plo ile ya nyavu iko sumu. Ile ya batri. Inapikwa ku nyumba, moshi inaingia mu batoto. Mutoto yangu alikufa. Musivunje batri, musimwange maji yake. Mulete muzima, mutapata ingine kwa bei kidogo." Hakuna mlango unaofungwa. Wanatoka wanawake na magunia ya sahani, wanatoa na vidude vilivyokwisha kumiminwa, vya kuuzwa kesho yake, wanaviweka mkokotenini bila ubishi. Kinyozi analeta batri ameikumbatia kama mtoto mchanga ili isimwagike. Kontena la kwanza lilijaa kabla ya mvua. Mkubwa ananiambia agizo limefaulu, na kwenye ripoti ya Kifaransa ninayoiandika mimi ndivyo ninavyoandika. Agizo ni lile lile. Hatukubadilisha ila neno moja.

Siku hizi sitangazi. Naandika barua, napanga mafaili. Sokoni nanyamaza, na vijana wa pikipiki wameacha kunitania, jambo linaloniuma zaidi ya utani wenyewe.

Jumamosi iliyopita batri yangu ilikufa, ile iliyowasha taa ya mezani miaka minne. Nilisikia megafoni inakuja Lumumba. Nikaibeba kwa mikono miwili, wima, maji yake ndani, nikasimama mlangoni. Dada alifika. Alikagua vifuniko kimoja kimoja, akaipokea, akaipanga kati ya nyingine, akasukuma kipande cha mbao isiteleze. Nilingoja. Nilikuwa tayari kuitwa yaya mbele ya mtaa mzima, mbele ya dunia. Ningeitika.

"Asante, kaka," akasema, na akasukuma mkokoteni.

Alilitamka vizuri. Hapakuwa na kosa.